Baruti za kuvulia samaki zimepungua, changu wanaanza kuonekana visiwani Dar. Papa mbona hawarudi?

#1 MpwaniHalisi
Wakuu salaam.

Miaka kumi iliyopita ukiwa Kunduchi asubuhi unakunywa chai, unasikia "buuu" upande wa Fungu Yasini na hakuna hata anayegeuza shingo. Siku hizi ni nadra. Mimi huwa nazama na miwani na mrija nyuma ya Mbudya maji yakiwa angavu, na kwa macho yangu naona tasi wapo, changu wapo, hata chewa wa kilo mbili tatu unamkuta kajibana pangoni anakutolea macho. Watu wa doria, vikundi vya wavuvi vya kulinda ufukwe (BMU) na Hifadhi za Bahari wapewe haki yao, hilo sibishi.

Hoja yangu ni papa. Wazee wa hapa wanasema mkondo kati ya Mbudya na Bongoyo ulikuwa na papa mpaka watoto wanakatazwa kuoga jioni. Mimi sijaona hata mmoja. Kama ulinzi umemsaidia changu, papa kakosa nini? Dai langu: tunalinda siko. Karibuni tubishane.

#2 Ukwaju Mchachu
Papa wakirudi Mbudya ile chipsi na samaki pale tutakula kwa amani gani? Waacheni huko huko waliko 😂

#3 Jarife Kongwe
Kijana, hao papa hawakuhama. Tumewala, na tuliokula tupo, wengine tumejaa humu humu.

Mimi nimelitega jarife toka ndevu hazijaota. Wasiolijua: ni wavu wa uzi mnene, macho makubwa, mkono wa mtu mzima unapita mpaka begani. Unautega jioni, unauacha ulale, alfajiri mnakwenda kuopoa. Kwenye jarife utamkuta papa, utamkuta taa, na ukiwa na mkosi utamkuta kasa kashakufa. Papa wakati huo alikuwa hatupwi kitu. Nyama inapasuliwa, inatiwa chumvi, inaanikwa. Maini yanayeyushwa kuwa sifa, yaani mafuta ya kupaka mashua, na harufu yake ukishaipata mke anakufungulia mlango wa uani. Tulikuwa tunachukua tulichoweza kukila na kukiuza.

Halafu wakaja wanunuzi wa mapezi. Pezi likawa na bei kuliko mwili mzima. Kila mwenye mashua akataka jarife, aliyekuwa na moja akaongeza la pili. Hapo ndipo papa alipoisha, baruti au hakuna baruti. Baruti inaua vibua na changu na kuvunja mwamba. Papa alikuwa anafuata wale samaki waliozirai, anakuja kujilia.

#4 Tumbawe
Naunga mkono #3, ila niongeze ya darasani kidogo, maana MpwaniHalisi analinganisha viumbe wawili wasiolingana.

Changu akitaga anamwaga mayai kwa maelfu. Ukiacha mwamba upumzike miaka michache, unaona tofauti kwa macho. Papa hatagi hivyo. Yule wa mwambani mwenye ncha nyeusi kwenye mapezi anazaa watoto wawili mpaka watano kwa uzao mmoja, na mimba yake inakaribia mwaka. Papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa, anakadiriwa kufika umri wa kuzaa akiwa na miaka 25 au zaidi. Kuna utafiti ulitoka 2021 ulioangalia papa na taa wa bahari kuu dunia nzima: wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Sasa milipuko hapa kwetu imeanza kupungua kweli kweli baada ya 2016. Mtoto wa potwe aliyezaliwa mwaka ule leo bado ni mtoto.

Kwa hiyo jibu la "mbona hawarudi" ni kwamba hata kama tungefanya kila kitu sawasawa, wewe na mimi tungekuwa bado tunasubiri.

#5 Komredi Kolekole
Mnapenda kumlaumu mvuvi wa ngalawa kwa sababu hana wakili. Bahari kuu imejaa meli za kigeni zinavuna usiku na mchana. Mmesahau Tawariq 2012? Samaki wa Magufuli wale! Hiyo ni moja iliyokamatwa, jiulizeni zilizopita kimya. Halafu mnakuja kumkamata mzee wa Kawe na nyavu yake kwa sababu kasogelea Mbudya, eneo lililofungwa juzi juzi tu 1994.

#6 Bint Msasani
Komredi, hoja yako ina uzito ila tarehe umezichanganya.

Tawariq 1 ilikamatwa Machi 2009, Magufuli akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Hiyo 2012 ni mwaka wa hukumu ya kwanza mahakamani. Na walikuwa jodari, karibu tani 300.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa maeneo tengefu 1975. Hiyo 1994 ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ndiyo iliyoleta kitengo cha kuyasimamia. Sinda na wenzake wa upande wa Kigamboni waliongezwa baadaye, 2007. Kwa maneno mengine visiwa vyetu "vililindwa" kwenye karatasi miaka ishirini huku vinapigwa mabomu mchana kweupe.

#7 Komredi Kolekole
Tarehe nimezipokea. Meli zipo palepale.

#8 Mtu wa Feri
Nyie mnaosema papa hawapo, mnanunua samaki supamaketi nini?

Njooni soko la samaki la Feri saa kumi na mbili asubuhi, mnadani, kabla jua halijapanda. Papa wanashuka. Ila msitegemee yule wa kwenye sinema. Wanaoshuka ni wadogo, urefu wa mkono, wamepangwa sakafuni kama kuni, dalali anawanadi kwa fungu. Wengi ni pingusi, wale wenye kichwa cha nyundo. Mgeuze mmoja chali, muangalie katikati ya mapezi ya kifuani: utaona kijikovu cha kitovu bado hakijafunga. Maana yake kazaliwa majuzi. Waparuaji pale wanawachuna ngozi chap chap, kichwa kinatupwa, mapezi yanawekwa ndoo ya pembeni, na dakika tano baadaye huwezi kujua ulikuwa papa. Anakatwa vipande, wakaangaji wanachukua, mchana unauziwa mtaani "samaki" tu. Ukimuuliza muuzaji samaki gani, anakuuliza wewe unataka samaki gani.

Nikiuliza wanatoka wapi, wenye boti wanasema Kisiju, Nyamisati, mdomoni mwa Rufiji. Huko ndiko wanakozalia, kwenye maji ya tope na mikoko.

#9 MpwaniHalisi
> Mtu wa Feri kasema: Huko ndiko wanakozalia

Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Tunaweka boya na askari kwenye visiwa ambako papa alikuwa anapita kutembea, na kule anakozalia hakuna anayemtazama. Si nilisema tunalinda siko?

#10 Bint Msasani
Taratibu. Rufiji, Mafia na Kilwa kwa pamoja ni eneo la ardhioevu lenye hadhi ya Ramsar (mkataba wa kimataifa wa ardhioevu) tangu 2004, kwa hiyo si kweli kwamba hakuna anayetazama. Ila hadhi hiyo haimkatazi mtu kutega wavu. Na ukitaka kukataza, kamwambie mtu wa delta asivue kamba wala samaki, halafu umwambie atakula nini. Hapo ndipo mipango mingi inapozama.

#11 Mgeni wa Dago
Assalaam alaykum. Mie Mpemba, huja dago, yaani kambi ya uvuvi, huku Kimbiji na Buyuni msimu ukiwa mzuri.

Kwetu Kisiwa Panza watu wenyewe wanafunga mwamba kwa ajili ya pweza, miezi mitatu hivi, haendi mtu. Shirika la Mwambao liliwasaidia kupanga, lakini wanaokaa ulinzi ni wao. Siku ya kufungua pana watu kama sikukuu, wanawake na vijiti vyao, na pweza wanaotoka si wale wa kukamata kwa vidole viwili. Mara ya mwanzo watu walikuwa na ubishi: "mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Ubishi ukapungua pale walipoona mizani.

Lakini pweza umri wake mwaka na kidogo, akishalea mayai anakufa. Usipomvua anakufa bure. Ndo maana kumfunga miezi mitatu kunalipa. Papa utamfunga miezi mitatu umngoje nini? Na mwamba wa pweza unauona wote kwa macho ukisimama ufukweni. Papa leo kisiwa cha Latham, kesho Mafia, kesho kutwa kwa watu wa Msumbiji. Kijiji kitamlinda vipi samaki asolala kwao?

Jengine niseme: sie wa dago hutozwa kila ufukwe tunaoshuka, na lawama za nyavu mbovu ni zetu. Wenyeji wana makokoro yao wanayaburuta usiku.

#12 Ukwaju Mchachu
Kwa hiyo ile supu ya pweza ya Coco Beach usiku inaharibu hifadhi? Mimi nakunywa kwa maagizo ya daktari.

#13 Jarife Kongwe
> Wenyeji wana makokoro yao wanayaburuta usiku.

Shehe usifiche yako. Kokoro wanaburuta wenyeji na wageni. Kigumi je, kile kinachoburutwa juu ya matumbawe na watu wanapiga maji kwa miti, nani alikileta huku? Tusifukuane.

#14 Mgeni wa Dago
Haya yaishe mzee wangu. Dhambi ya bahari tumegawana.

#15 Bi Chumvi
Naona mnamzungumzia papa kama mgonjwa. Mimi nauza papa mkavu mwaka wa ngapi sijui, na wateja wangu ni wale wale: watu wa Tanga, Wazanzibari, na mabibi wa Kariakoo ambao bila papa wa nazi Ijumaa haijakamilika.

Zamani papa mkavu ulikuwa unaletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Usomalini na Uarabuni, unakuja umepangwa na tende. Wa hapa hapa ulikuwa mkubwa, kipande kimoja kinajaza sufuria. Sasa hivi napata vipande vyembamba, vya samaki mdogo, na naviuza ghali kuliko vile vinene vya zamani. Kwa hiyo kwa upande wa biashara naona wanachosema #3 na #8 ni kitu kimoja: wakubwa wameisha, tunakula watoto wao.

Ila nisichokubali ni mtu kuja kutuambia tuache kula papa wakati hajawahi hata kuuosha. Unaloweka usiku, unamwaga maji, unachemsha, unaufikicha mchanga wote utoke, ndipo unaurudisha na nazi, ndimu na pilipili. Chakula cha watu hicho toka enzi.

#16 Tumbawe
Bi Chumvi hakuna anayekukataza. Ila kwa faida ya wasomaji: papa yuko juu kabisa kwenye ngazi ya kula, kwa hiyo zebaki yote iliyomo kwa samaki wadogo inakusanyika kwake. Wajawazito na watoto wadogo hushauriwa waepuke. Chumvi na jua haviitoi.

#17 Bi Chumvi
Mama yangu kala papa akiwa na mimba yangu na kichwa changu kinapiga hesabu kuliko chako mwanangu.

#18 Ukwaju Mchachu
Bi Chumvi 1, Tumbawe 0.

#19 Kilindoni Yetu
Wakuu mmeitaja Mafia mara mbili hamjamsikia Mmafia.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Afrika Mashariki nzima. Msione ilishuka kutoka Dodoma. Watu wa huku walishachoka na wapiga baruti waliokuwa wanatoka bara na kuvunja miamba ya Chole na Jibondo, walikuwa wanalalamika miaka. Lakini hifadhi ilipokuja na masharti ya nyavu, Jibondo hao hao wakaigomea, tena kwa muda mrefu. Maana waliomba wavunja miamba wafukuzwe, wakajikuta na wao wanapimwa macho ya nyavu. Hadi leo hifadhi ina kanda: kuna kusikovuliwa kabisa, kuna kunakovuliwa kwa masharti, kuna kwa wote.

Sasa potwe. Anakuja mbele ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, karibu na ufukwe kiasi kwamba ukiwa gatini unaweza kuona pezi. Hana habari na watu. Anafungua kinywa kama pakacha anameza kamba wadogo wadogo na vijidudu vya maji. Watafiti walimbandika vifaa vya sauti wakagundua jambo: miezi ambayo sisi tunasema "kaondoka", wengi wao hawajaenda mbali, wamesogea tu kwenye kina wasikoonekana. Na kila mmoja ana madoa yake, ndiyo wanayomtambulia.

MpwaniHalisi hapa ndipo utafurahi: upande wa Kilindoni anakokaa potwe HAUMO ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari. Hifadhi iko upande wa kusini na mashariki. Kwa hiyo anayemlinda potwe ni nani? Ni mwenye boti ya watalii na mwenye wavu wa dagaa. Wavu ukizungushwa potwe anaingia humo kwa sababu na yeye amefuata chakula kile kile. Zamani mtu anaona hasara tu, wavu unachanika. Siku hizi wengi wanashusha upande mmoja wa wavu anatoka, kwa sababu ndugu yake au shemeji yake ndiye nahodha wa boti inayopeleka wageni kumuona. Hakuna siri nyingine.

#20 Bint Msasani
Naipenda hii ya shemeji. Marekebisho mafupi: Mafia ni hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Kenya walitangaza Malindi na Watamu 1968.

#21 Kilindoni Yetu
Haya ya kwanza Tanzania. Lakini kubwa kuliko zao 😀

#22 Nanga Imekwama
Nimesoma uzi wote, hakuna hata mmoja aliyetaja joto. 1998 maji yalipopata joto la El Niño, matumbawe yalipauka na kufa pwani yote, Mafia yenyewe iliyolindwa ilipigwa vibaya. 2016 yakapauka tena. Mwamba ukifa, samaki wadogo hawana pa kujificha, samaki wakubwa hawana cha kula. Askari wa doria hawezi kukamata joto.

Ongeza na mto Msimbazi unaotapika tope na maji machafu ya jiji pale Salender kila mvua ikinyesha. Dar imekuwa mji wa mamilioni ya watu, uchafu wote unaishia baharini, halafu tunamtafuta mchawi kwenye jarife.

#23 Jarife Kongwe
Joto halina ndoano. Papa wa kilindini hakai kwenye matumbawe na yeye kaisha vilevile.

Wenzetu wa Tanga mtawauliza. Papa wa karibu walipokuwa hawapatikani, wakaanza kuyashusha majarife chini zaidi, kwenye kina kirefu cha giza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuopoa dude la ajabu, samaki ana magamba kama ngao na mapezi kama vimiguu. Wasomi wakaja mbio: silakanti, yule waliyekuwa wanaamini alitoweka pamoja na madainosari mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938. Mpaka hifadhi ikaanzishwa kwa ajili yake Tanga, 2009. Sasa mtu wa joto anieleze: jarife lilifuata nini huko chini kama juu papa walikuwa bado wamejaa?

#24 Nanga Imekwama
Mzee sijakataa jarife. Nasema mambo ni mengi. Kwani lazima awe mchawi mmoja?

#25 Komredi Kolekole
Narudi na meli zangu. 2018, Operesheni Jodari, serikali ikishirikiana na Sea Shepherd, shirika la kulinda bahari. Walipanda meli ya bendera ya Malaysia, Buah Naga 1, wakakuta mapezi ya papa bila miili yake. Yaani mwili unarudishwa baharini, pezi linabaki. Jarife Kongwe, wewe angalau ulikula nyama ukapaka na mashua.

#26 Jarife Kongwe
Hapo tupo pamoja Komredi. Kumkata papa pezi na kumrudisha majini ni laana.

#27 Mtu wa Feri
Kuna jambo mnaliruka. Wote mnasema "jamii ilinde, BMU ilinde". Mimi nilikuwa mwanakamati wa kikundi kimoja cha ufukweni, sikitaji. Tulipewa boti ya doria, injini mpya, makoti ya kuokolea, tukapigwa picha. Mradi ulipoisha mafuta yakaisha. Injini ikaazimwa, iliporudi ilikuwa haina propela. Tukabaki na daftari la kuandika samaki wanaoshuka na peni moja.

Halafu jiulize: nimkamate nani? Anayepiga kokoro ni baba mdogo wangu. Nikimshtaki, shughulini nakaa upande gani? Kilindoni Yetu anasema shemeji ndiye anayemuokoa potwe. Huku kwetu shemeji huyo huyo ndiye anayemponza changu.

#28 Kilindoni Yetu
😂😂 Tofauti ni kwamba shemeji wa Mafia analipwa na mtalii.

#29 MpwaniHalisi
Lakini baruti tuliishinda, na hapo hakukuwa na mtalii. Au?

#30 Bint Msasani
Tuliishindaje, hapo ndipo pa kuulizana. Machi na Aprili 2015 kulikuwa na chombo cha utafiti kilichopita pwani yote ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji. Walithibitisha milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar. Yaani mji wenye wizara, polisi na jeshi la majini ndio uliokuwa unaongoza. Miaka hiyo BMU zilikuwepo, semina zilikuwepo, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inayokataza milipuko ilikuwepo.

Kilichobadilika ni kwamba polisi, maofisa wa uvuvi na wa mazingira na waendesha mashtaka wakaanza kufanya kazi pamoja, wakafuata baruti inakotoka badala ya kumngoja mtu baharini. Baruti ni mali ya machimbo na ujenzi, haioti ufukweni. Kwa hiyo mimi sikubaliani na sifa zote kupewa vikundi vya kijiji.

#31 Mtu wa Feri
Na nani alikuwa anawapa majina hao polisi? Mtu wa Oysterbay? Majina yalitoka ufukweni. Waliotoa majina wengine walichomewa ngalawa.

#32 Tumbawe
Labda jibu liko katikati. Chumbe pale Zanzibar, mwamba uliofungwa tangu 1994, askari wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapo hapo na hawana silaha. Kazi yao kubwa ni kumsogelea mvuvi na kuongea naye. Miaka thelathini sasa mwamba upo. Ila Chumbe inajilipia kwa wageni, na ni kipande kidogo.

#33 Mgeni wa Dago
Kuongea na mvuvi ni rahisi akiwa na njaa ya leo tu. Akiwa na deni la mwenye boti hasikii. Mtu kapewa injini kwa mkopo, kila siku anahesabiwa, wewe unamwambia mwachie papa mwenye mimba? Mwenye boti hajawahi kutia mguu majini na hayumo kwenye semina yoyote.

#34 Bi Chumvi
Hilo ni kweli tupu. Na pesa ya mkopo wengine tunaitoa sisi wanunuzi, tusijifiche.

#35 Ukwaju Mchachu
Uzi umekuwa mzito. Swali la mjinga: huyo potwe naweza kuogelea naye bila kuliwa? Na kufika Mafia bila ndege inakuwaje?

#36 Kilindoni Yetu
Haliwi mtu. Kaa mbali naye mita kadhaa, usimguse, usimkalie mbele, na nahodha akijaribu kumkimbiza kwa injini mkatalie, maana anazama na siku yako imeisha.

Njia: panda gari za Nyamisati pale Mbagala Rangi Tatu, ufike mapema. Kuna MV Kilindoni na kuna boti za watu binafsi. Bahari ikichafuka kwa kusi usilazimishe.

#37 Jarife Kongwe
Na ubebe ndimu za kutafuna. Mkondo wa pale umewatapisha manahodha.

#38 Ukwaju Mchachu
Bi Chumvi wewe uje na sufuria. Komredi atalipa nauli.

#39 Komredi Kolekole
Nauli ya nani? Mimi nimesema nalaumu meli, sijasema nina hela.

#40 MpwaniHalisi
Mtu wa Feri, Jumamosi nakuja mnadani, nataka nione hao pingusi wa kitovu kibichi. Nikukute kwa madalali au kwa wakaangaji?